Mwanasesere wa Baba Bibi

Bibi alikuwa na umri wa miaka minane. Alipozaliwa alirithishwa jina la marehemu mama wa baba yake, na kwa kuwa baba hakuweza kulitamka jina la mzazi wake huku akimgombeza mtu asiyetaka kuoga, akaamua kumwita Bibi tu, na nyumba nzima ikafuata. Ndiyo maana lilikuwa jambo la kawaida katika nyumba ile kusikia kwamba Bibi ameng'oka jino, au Bibi ananuna kwa sababu amenyimwa peremende, au Bibi arudishe penseli za watu kabla hajashtakiwa. Baba yake naye akawa Baba Bibi, jina ambalo ukilitafakari lilimfanya kuwa mkubwa kuliko wazee wote wa ukoo. Mwenyewe hakulitafakari.

Baba Bibi alikuwa mpiga picha za eksirei hospitalini. Kutwa alishinda kwenye chumba kisicho na dirisha, akiwaambia watu wasipumue, kisha akiwaambia wapumue. Kazi hiyo aliiweza barabara. Alijua kukigeuza kiwiko cha mtu aliyeanguka bila kumtoa machozi, na kumlaza mtoto mchanga mezani mpaka mama mtu akashangaa katulizwa na nini. Lakini mikono hiyo hiyo ukiipa mkasi na karatasi, ilikuwa kama mikono ya kuazima.

Tangu Bibi aanze shule, ushahidi ulikuwa umerundikana. Kulikuwa na tiara, iliyopaa mpaka usawa wa goti kisha ikabadili nia. Kulikuwa na nyumba ya kadibodi, ambayo haikuweza kusimama peke yake, kwa hiyo mwalimu alipopita kukagua alimkuta Bibi ameikumbatia kama nguzo ya nne. Na kulikuwa na kinyago cha simba cha mchezo wa kuigiza. Baba Bibi alikitoboa macho mawili, moja likaangukia usawa wa jicho na jingine usawa wa shavu. Bibi aliigiza usimba wake kwa jicho moja, akapita ukingo wa jukwaa bila kuuona, akatua kwenye mapaja ya mgeni rasmi. Mgeni rasmi alipiga makofi, akidhani ndivyo mchezo ulivyotungwa.

Mama Bibi hakuona sababu ya mateso haya. Alikuwa karani wa mahakama, mtu aliyezoea kusikia maelezo ya kila namna bila kubadilisha uso, na ushauri wake ulikuwa mmoja tu: kanunue. Yeye mwenyewe hakujua kukata hata kitambaa cha meza, na jambo hilo halikuwahi kumkosesha usingizi. Alisema kila mtu ana mahali pake alipopendelewa na Mungu, na kwao hao wawili mahali hapo hapakuwa kwenye gundi.

Baba Bibi alikubali kwa mdomo. Moyoni hakukubali. Mama yake, yule marehemu mwenye jina, alikuwa mwanamke wa kushona. Alikuwa akizungumza na wageni huku mikono ikifanya kazi bila kumwomba ushauri. Siku moja alimshonea mwanawe mfuko wa shule kwa kitambaa cha pazia lililochakaa, akautia na kifungo cha mti, na Baba Bibi aliubeba ule mfuko kwa majivuno ambayo hajawahi kuyapata tena, hata siku alipofaulu mitihani, hata siku ya harusi yake, ingawa hilo la harusi alikuwa na akili ya kutolisema. Hakutaka kuwa fundi. Alitaka mara moja tu, kabla binti yake hajakua na kuanza kuyaonea haya mambo ya nyumbani, amwone amebeba kitu kilichotoka mikononi mwake, na uso wake uwe kama uso ule aliokuwa nao yeye.

Basi shule ikatangaza maonyesho ya kazi za mikono. Kila mtoto wa darasa la Bibi alete mwanasesere wa kitambaa, aliyeshonwa nyumbani na mtoto akishirikiana na mzazi. Mwalimu wa sanaa, mama mmoja mrefu mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, aliwaambia wazazi getini kwamba vitu vya dukani safari hii havitapokelewa, na alipokuwa akisema hivyo alimtazama Mama Bibi. Mama Bibi alimtazama na yeye. Hakuna aliyeshusha macho.

Jumamosi asubuhi Baba Bibi alitandaza vitambaa kwenye meza ya kulia chakula. Bibi alipewa kazi ya kupitisha pamba na kuokota sindano zinazoanguka, na hakuwa na nafasi ya kupumzika. Kufikia mchana mwanasesere alikuwa na kichwa. Kufikia jioni alikuwa na kila kitu ambacho binadamu anacho, ila havikuwa mahali ambapo binadamu huviweka. Mkono mmoja ulianzia begani, mwingine ulianzia karibu na kiuno. Kichwa kilikuwa kizito kuliko shingo, kikalala upande mmoja kama cha mtu anayesikiliza siri ukutani. Mdomo aliudarizi kwa uzi mwekundu, alikusudia tabasamu.

Mama Bibi aliitwa kuja kuona. Alimshika mwanasesere, akamgeuza mbele na nyuma, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama amekwisha au bado anaendelea.

"Amekwisha," alisema Baba Bibi.

Mama Bibi akatikisa kichwa polepole, akamrudisha mezani kwa uangalifu, kama kielelezo cha kesi.

Bibi alisema ni mzuri. Alisema, "Ni mzuri, Baba. Ana sura ya upole." Na Baba Bibi aliijua sauti ile. Ndiyo sauti aliyoitumia yeye kazini kila mgonjwa alipomuuliza kama mfupa umevunjika, ilhali sheria hazimruhusu kusema na jibu analiona wazi kwenye kioo.

Kesho yake alasiri, Baba Bibi alikuwa amejinyoosha chumbani, macho wazi. Mlango ulikuwa umeegeshwa tu. Akamsikia Bibi ukumbini, anaongea kwa simu ya mama yake, kwa sauti ambayo watoto hudhani ni ya kunong'ona. Alikuwa anaongea na shangazi yake. Shangazi huyo alikuwa dada mkubwa wa Baba Bibi, fundi cherehani, mwenye duka lake la ushonaji mtaa wa pili, njiani kuelekea shuleni.

"Shangazi, naomba unishonee mwanasesere," alisikia. "Baba asijue. Amejitahidi sana." Kisha kimya, shangazi mtu anauliza kitu. "Hapana, si mbaya. Ni kwamba upande mmoja hana bega." Kimya tena. "Maana wataniuliza amepatwa na nini, Shangazi, na mimi sijui nitawajibu nini."

Baba Bibi alilala pale pale bila kujigeuza. Kitu kilichomuuma hakikuwa bega. Bega alikuwa ameliona mwenyewe. Kilichomuuma ni kwamba binti wa miaka minane alikuwa amekaa akapanga jinsi ya kumlinda mtu mzima, na mpango wenyewe ulikuwa mzuri, hauna kasoro, wenye huruma ndani yake. Akajisikia kama mgonjwa ambaye ndugu zake wamekubaliana na daktari wasimwambie. Akafikiri kuamka na kusema amesikia. Lakini angelisema, mtoto angeaibika, na yeye angekuwa amemharibia wema wake. Akaamua kutojua.

Siku ya kupeleka kazi, Bibi aliondoka mapema kuliko kawaida.

"Umembeba?" alimuuliza mlangoni.

"Nimembeba," alisema Bibi, na kweli alikuwa amembeba, kwenye mfuko wa shule, kichwa kikichungulia. Baba Bibi alimtazama mpaka akakata kona ya dukani kwa shangazi yake.

Mchana wa maonyesho aliomba ruhusa kazini. Ukumbi wa shule ulikuwa umejaa meza, na juu ya meza wanasesere walikuwa wameketi kwa safu kama abiria wanaosubiri kuitwa. Hakuhitaji kutafuta. Watu walikuwa wamesongamana mbele ya mmoja, na alipopenya akamkuta: mwanasesere mwenye nywele za sufu zilizosukwa mistari mitatu, gauni lenye mfuko, na ndani ya mfuko leso ndogo iliyokunjwa, ambayo mtu yeyote angeweza kuichomoa, akaikunjua na kukuta imepigwa pindo pande zote nne. Mshono ulikuwa wa dada yake, na wa dada yake ulikuwa wa mama yao, yale mapigo mafupi yaliyolala sawasawa kama punje. Mbele yake kulikuwa na kipande cha karatasi kilichosema ni kazi ya Bibi na baba yake.

Mzazi mmoja alimuuliza kama ni yeye. Kabla hajajibu, mwalimu wa sanaa alikuwa amemshika mkono kwa mikono yake miwili. Alisema katika miaka yake yote ya kufundisha hajaona baba aliyeshika sindano hivi. Alisema, akipaza sauti kidogo kwa faida ya akina baba wengine, kwamba huu ndio mfano.

Baba Bibi akamtafuta Bibi kwa macho. Bibi alikuwa anaviangalia viatu vya baba yake.

"Asante," alisema Baba Bibi. Hakufafanua ni asante ya nini.

Mwalimu hakuishia hapo. Alikuwa amekwisha zungumza na mwalimu mkuu: aje wiki ijayo, Alhamisi, kipindi cha sanaa, awafundishe watoto kushona mwanasesere hatua kwa hatua. Baba Bibi alisema ana kazi. Mwalimu alisema hospitali itaelewa, ni kwa ajili ya watoto. Alisema hana uzoefu wa kufundisha. Mwalimu alisema unyenyekevu nao ni somo. Sentensi moja tu ingemwokoa, na alikuwa nayo ulimini, lakini kila alipoigeuza alimkuta Bibi ndani yake. Akasema sawa. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, na yeye alivuliwa na wengine, lakini maji yalikuwa yale yale.

Walirudi nyumbani wakizungumza habari za hali ya hewa, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya.

Jioni ile ile alikwenda kwa dada yake. Alimkuta anakata suruali ya mteja, akaketi kwenye kiti cha wateja, akamweleza. Dada yake hakuacha kukata.

"Nilimwambia mwanao njia ya mwongo ni fupi," alisema. "Akanijibu hata shule si mbali."

"Nifundishe," alisema Baba Bibi.

Hapo ndipo dada yake alipoweka mkasi chini. Alimtazama mdogo wake kwa huruma, lakini si nyingi. Alimkumbusha kwamba mama yao alijaribu kumfundisha, na baada ya wiki moja akamwambia aende akacheze.

"Pua ya mama umechukua wewe," alisema. "Mikono nilichukua mimi. Sasa unataka vyote?"

Lakini alimfundisha. Kila jioni baada ya kazi Baba Bibi alipitia dukani, na nyumbani alisema amepewa kazi za ziada. Mama Bibi alipokea maelezo hayo kama alivyopokea maelezo yote. Dada mtu alikuwa mwalimu asiyesifu. Akiona mshono umekwenda kombo alinyoosha tu kidole, na Baba Bibi akafumua, akaanza upya, akafumua tena. Jioni moja alishona mkono wa mwanasesere kwa bidii kubwa, akaridhika, akasimama kumwonyesha dada yake, na mwanasesere akasimama naye. Alikuwa amemshona kwenye suruali yake. Mteja aliyekuwa anasubiri vipimo alisema yeye angerudi kesho.

Hata hivyo, kufikia Jumatano hatua zote alikuwa amezikariri kichwani. Chora, kata, geuza kitambaa ndani nje, shona pembeni, geuza tena, jaza pamba, funga. Alizirudia akiwa kazini. Mgonjwa mmoja aliyeambiwa "usipumue" akamsikia akisema "geuza tena," akageuka, na picha ikabidi irudiwe.

Alhamisi ikafika. Darasa lilikuwa na watoto wengi kuliko alivyodhani, kila mmoja na vitambaa viwili, sindano na uzi mbele yake. Bibi alikuwa dawati la mbele. Alikuwa amekaa wima sana, na uso wake ulikuwa uso wa mtu anayemwangalia jamaa yake akivuka barabara kubwa. Mwalimu wa sanaa alikaa nyuma, miwani machoni, tayari kujifunza.

Baba Bibi alipiga moyo konde, akaanza. Kwa mshangao wake mambo yalikwenda. Alichora, wakachora. Alikata, wakakata. Aliwaambia wageuze ndani nje, wakageuza. Walipoanza kushona, chumba kikatulia, hakuna sauti ila ya uzi unaopita kwenye kitambaa, na yeye akapita kati ya madawati, mikono mgongoni, kama aliyezaliwa kwa kazi ile. Alifika kwa Bibi, akaangalia. Ulimi wa Bibi ulikuwa nje kidogo, sindano ameikamata kama kijiko, na mshono wake ulikuwa unapanda na kushuka, hapa mapigo manane yamerundikana, pale hakuna kitu. Baba Bibi aliutambua papo hapo. Mwenye macho haambiwi tazama. Ulikuwa mshono wake yeye. Hakujua kama asikitike. Aliendelea kutembea.

Walipomaliza, kila mtoto alikuwa ameshona kuzunguka pande zote, kichwani, mikononi, miguuni, mpaka pale alipoanzia. Walikuwa wamefuata maelekezo kwa uaminifu.

Mtoto mmoja wa kike wa dirishani akanyoosha mkono.

"Mwalimu, pamba inaingilia wapi?"

Baba Bibi alimchukua mwanasesere wa mtoto yule, akamgeuza. Akachukua na wa jirani yake. Kisha akautazama wake. Wote walikuwa wamefungwa kote, hawana pa kuingiza hata kidole, na hata kuwageuza nje ndani haikuwezekana. Kuna hatua moja dada yake aliirudia kila jioni, ya kuacha tundu ubavuni, na hatua hiyo ndiyo iliyobaki dukani. Darasa zima lilikuwa kimya, kimya cha watu walioambiwa wasipumue na hawajaambiwa wapumue.

Mwalimu wa sanaa alisimama kule nyuma. Aliuliza kwa adabu, akitaka kusaidia, kwenye yule wa maonyesho aliacha tundu upande gani.

Bibi akaanza kuinuka. Baba Bibi alimwona akiinuka na akawahi.

"Yule sikumshona mimi," alisema. "Alishonwa na dada yangu, ni fundi cherehani. Mlinisifu nikanyamaza. Kosa ni langu."

"Si lake," alisema Bibi, ambaye sasa alikuwa amesimama wima. "Yeye hakujua. Mimi ndiye niliyekwenda kwa Shangazi. Wa Baba ninaye hapa."

Akainama, akafungua mfuko wake wa shule, akapekua chini ya madaftari, akamtoa. Alikuwa amelaliwa na vitabu siku nyingi hivyo kichwa kilikuwa kimelala zaidi, na pamba ilikuwa imeanza kuchungulia kiunoni, pale mkono wa pili ulipoanzia. Mwalimu alimuuliza kwa nini anatembea naye. Bibi alisema nyumbani asingeweza kumwacha, baba angemwona.

"Na kumtupa?" aliuliza mwalimu.

Bibi alimtazama mwalimu kama mtu aliyeulizwa swali la kihuni.

Watoto walisogea kumwona. Hakuna aliyecheka mara moja, walikuwa wanamchunguza kwanza. Yule wa dirishani aliuliza kama ameumia. Baba Bibi alimchukua mwanasesere, akamwinua kwenye mwanga wa dirisha, kwa mazoea, akamwangalia jinsi anavyoangalia vitu vya aina hiyo.

"Bega limetoka mahali pake," alisema. "Na shingo si nzuri."

Hapo ndipo walipocheka, na hata mwalimu wa sanaa alivua miwani na kuifuta, ingawa ilikuwa safi. Kisha akauliza sasa watafanya nini na wanasesere wote hawa, maana kipindi bado kina nusu.

Na hilo, kwa bahati, Baba Bibi alilijua. Kama kuna kitu kimoja alichokifanya kila jioni kule dukani kuliko kushona, ni kufumua. Akawaonyesha: usivute uzi, utachana kitambaa. Ingiza ncha ya sindano chini ya pigo moja, linyanyue, likate, kisha ruka, kamata la tatu, mpaka uzi ulegee wenyewe. Aliwaonyesha bila haraka, na mikono yake kwa mara ya kwanza darasani ilikuwa imetulia. Watoto walifumua ubavuni, wakawageuza, wakawajaza pamba. Kipindi kilipokwisha kulikuwa na wanasesere wengi wanene, wembamba, wengine na vichwa vitupu, na wa Bibi, ambaye kusema kweli alifanana na yule wa baba yake kama ndugu wa tumbo moja.

Bibi hakuona kasoro yoyote. Alimweka kwenye kiganja, akasema ni mzuri sana, na safari hii sauti haikuwa ile ya hospitali.

Mwalimu wa sanaa alimpunguzia Bibi alama za maonyesho, zote, akamwambia amwombe radhi yeye na darasa. Bibi akaomba. Baba mtu naye akaomba, bila kuambiwa. Mwalimu alimshukuru kwa muda wake, kwa namna ambayo ilionyesha kwamba hatauomba tena.

Njiani walitembea mpaka karibu na kituo cha mafuta. Hapo Bibi alisema, akiangalia mbele:

"Ulijua."

"Nilikusikia ukiongea na Shangazi."

"Mbona hukusema?"

Baba Bibi alifikiri. Alisema alikuwa anaogopa kumvunja moyo.

"Na mimi nilikuwa naogopa kukuvunja moyo," alisema Bibi. Alisema kwa uchovu, kama mtu mzima aliyegundua kwamba kazi aliyoifanya wiki nzima ilikuwa imefanywa tayari na mwingine. Wakavuka barabara.

Nyumbani Mama Bibi alisikiliza upande wa kwanza, akasikiliza na wa pili, akauliza maswali mawili ya ufafanuzi, likiwemo la kazi za ziada. Alisema wote wawili wamepatikana na hatia, mmoja kwa kudanganya na mwingine kwa kukubali kudanganywa akijua, na kwamba wataosha vyombo mpaka atakapoamua vinginevyo. Kisha akamwomba Bibi amwonyeshe mwanasesere wake. Alimshika, akamgeuza mbele na nyuma, akamtazama mume wake juu ya kichwa cha mtoto, na Baba Bibi akamwona, kwa mara ya kwanza tangu siku ya harusi, akishindwa kuuzuia uso wake.

Tangu hapo ikawa kila Jumamosi baba na mwana wanakwenda dukani kwa shangazi. Hakuwaalika, walikwenda tu. Aliwapa vipande vya kujifunzia, akanyoosha kidole palipokwenda kombo, wakafumua. Miezi ikapita hivyo, na wala sitaki kumdanganya mtu: hawakuwa mafundi. Bibi alijifunza kutia kifungo kikakaa. Baba yake alijifunza kupiga pindo fupi, mradi lisiwe na kona.

Lakini shangazi alikuwa mtu wa biashara, na macho yake hayakuwa ya kupambia. Aliona kwamba hakuna anayefumua kama hao wawili. Fundi mwenye mkono mwepesi hana subira ya kufumua, anavuta, anachana. Hawa walikuwa na subira isiyo na mwisho, kwa kuwa hawakuwa na pa kukimbilia. Akaanza kuwaachia nguo za kupunguzwa, makoti ya kubadilisha bitana ya ndani, gauni la mtu aliyenenepa au aliyekonda, na zikarudi mikononi mwake zimeachana vipande vipande, safi, hakuna tundu, hakuna uzi uliobaki, kama vile hazijawahi kushonwa. Wateja hawakujua. Shangazi hakuwasifu, ila aliwawekea meza yao karibu na dirisha.

Jumamosi moja walikuwa wamekaa hapo, koti zito la bwana mmoja limelala kati yao, Bibi ameshika mkono wa kushoto na baba yake wa kulia. Walifumua pigo kwa pigo. Nyuma yao cherehani ilikuwa inakimbia, inasimama, inakimbia.

"Baba," alisema Bibi, "ungependa kujua kushona? Kushona kweli, kama Shangazi?"

"Ningependa."

"Sana?"

Baba Bibi aliunyanyua uzi kwa ncha ya sindano, akaukata.

"Sana," alisema.

"Hata mimi," alisema Bibi, akalivuta koti kidogo upande wake, apate mwanga.